Nilizima kompyuta ya dukani nikiwa kitandani, kumbe kuna mtu anaitumia

Mwaka jana mwezi wa nne, masika yamekolea, niliteleza kwenye ngazi za uani nikavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Nikafungwa hogo mpaka karibu na goti, daktari akasema wiki 6 mguu usiguse chini. Sasa mimi nina steshenari, fremu ipo mbele ya nyumba yetu hapa Tabata na chumba changu kipo nyuma kabisa, kutoka kitandani mpaka kwenye kompyuta ya dukani hazifiki hata mita 20, lakini kwa mtu mwenye magongo, usiku, na uani kumejaa maji, hiyo ni safari kabisa.

Binti anayenisaidia anafunga duka saa 2 usiku anaenda kwao. Kompyuta haizimi, kwa sababu mtoto wa kaka yangu anakaa kwetu na yupo chuo mwaka wa 3, usiku huwa anaingia dukani kwa mlango wa ndani anafanya kazi zake. Siku nyingine anaingia, siku nyingine haingii, na hata akiingia akimaliza anazima skrini tu anaenda kulala, mashine inabaki inaunguruma mpaka asubuhi. Nilishamwambia mara nyingi, anaitikia vizuri "sawa shangazi", alafu anasahau, na simlaumu maana mtu ukimaliza kuandika saa 7 usiku akili inakuwa imeshatangulia kitandani. Kabla sijaumia kazi ya kuzima ilikuwa yangu, kila usiku nazunguka, nazima taa za dukani, nazima kompyuta, naangalia makomeo. Nilivyofungwa hogo nikawa nalala nahisi kama naisikia ile feni ya kompyuta kumbe kwa umbali ule haisikiki.

Mtu atasema umeme wa kompyuta shilingi ngapi. Nilipiga hesabu. Mashine ni Dell ya mtumba, zile zinazoletwa kutoka Dubai, ikiwa imekaa tu bila kazi pamoja na vikorokoro vyake nilikadiria wati 80. Kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni masaa 9, kwahiyo uniti 0.72 kwa usiku mmoja, kwa mwezi uniti 21 na nusu hivi, na mimi LUKU nilikuwa nanunua uniti moja kwa shilingi 350 na ushee, hapo ni zaidi ya 7,500 inaondoka bila mtu kubonyeza hata herufi moja, na meta ya nyumba na duka ni hiyohiyo moja. Ila pesa haikuwa hata sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo umeme ulikatika usiku mashine ikiwa inajisasisha, asubuhi haikuwaka, fundi akakaa nayo siku 2 na kazi za wateja zilizokuwa humo ndani zikaenda. Kuna mama alikuwa ameacha kwetu wosia wa marehemu baba yake tumpigie chapa vizuri. Nakala ya mkono alikuwa nayo, Mungu saidia, lakini uso wake siku ile sitausahau.

Ndo nikakumbuka kwamba kompyuta inaweza kuzimwa kutoka kompyuta nyingine kama zote zipo kwenye netiweki moja ya nyumbani. Nilikuwa na laptop pale kitandani, na muda nilikuwa nao kuliko kitu kingine chochote.

Komandi yenyewe ni fupi. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi la Command Prompt (cmd) unaandika shutdown /s /m \\DUKA /t 60, maana yake zima mashine inayoitwa DUKA baada ya sekunde 60. Ukiweka /r badala ya /s inajiwasha upya. Asiyependa kuandika aandike shutdown /i tu, litafunguka dirisha la kubofya, unaongeza jina la mashine, unachagua kuzima au kuwasha upya, unaandika maneno yako, basi. Jina la mashine unalipata kwa kuandika hostname kwenye hiyo mashine yenyewe. Ya kwangu ilikuwa na jina la kupewa na Windows, DESKTOP alafu herufi na namba zisizokaririka, nikamwelekeza binti abadilishe iitwe DUKA, yeye yupo dukani mimi nipo kitandani, simu tumeweka spika, na katikati anahudumia wateja wa kopi kwahiyo kazi ya dakika 5 ikachukua saa nzima.

Nikaandika komandi kwa furaha. Ikagoma. Ikaleta kosa namba 53, kwamba hiyo mashine haionekani. Nikajaribu ping DUKA, yaani kuiita ile mashine nione kama inajibu, kimya.

Hapa nilipoteza karibu siku nzima na sababu ilikuwa ndogo sana. Rauta yetu ina waifai mbili, ya nyumbani na ya wageni, ile ya wageni niliifungua mwenyewe kwa ajili ya wateja wanaokuja kutuma makabrasha kutoka kwenye simu zao, na kompyuta ya dukani siku moja ilipokorofisha mtu aliiunganisha kwenye ya wageni ikabaki hukohuko. Waifai ya wageni kazi yake ni kumpa mtu intaneti bila kumwonyesha vifaa vingine vya ndani, kwahiyo laptop yangu na kompyuta ya dukani zilikuwa kama watu waliopanga nyumba moja ila kila mmoja ana mlango wake wa nje. Binti akairudisha kwenye waifai ya nyumbani. Bado kimya. Kumbe Windows ilikuwa imeiweka hiyo netiweki kwenye kundi la Public, yaani inaichukulia kama ya hotelini au stendi na inajifungia, inabidi uende kwenye setting za netiweki uibadilishe iwe Private, alafu kwenye faiawoli, ule ukuta wa ulinzi wa Windows, uruhusu File and Printer Sharing kwa upande wa Private tu. Tukafanya hivo, ping ikajibu. Nilifurahi mpaka nikapiga magongo sakafuni.

Nikarudia komandi. Sasa ikaleta "Access is denied.(5)". Mlango umeonekana ila umekataliwa kuingia.

Niseme kitu kuhusu hili kosa namba 5 maana ndo wengi wanakwama hapo wanaanza kubomoa ulinzi wote. Mashine ya dukani haikujui wewe ni nani. Wewe kwenye laptop yako umeingia kwa jina lako, ukiituma amri kule inafika kule inaulizwa nani wewe, na kule hakuna mtu wa jina hilo. Ni kama kupiga hodi alafu ukiulizwa nani unajibu "mimi". Kuna mambo kadhaa yanachanganyika hapo. Kwanza kama akaunti ya kule haina paswedi, Windows haikubali kabisa itumike kupitia netiweki, inakubali tu kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine. Na ya dukani ilikuwa haina, tuliitoa ili binti asisumbuke. Pili ile PIN ya namba 4 siyo paswedi, PIN inafanya kazi kwenye mashine husika tu, watu wengi wanaandika PIN wanakataliwa wanadhani wamesahau. Tatu hata ukitumia akaunti yenye uadmini ya kule, yaani yenye mamlaka juu ya mashine nzima, Windows za kuanzia Vista zikimwona admini wa kawaida anakuja kwa njia ya netiweki zinampunguzia nguvu makusudi, kwahiyo una jina sahihi, paswedi sahihi, na bado unaambiwa hapana.

Dawa inayosambazwa sana ni kwenda kwenye rejista, lile daftari la ndani la setting za Windows, kuweka kitu kinaitwa LocalAccountTokenFilterPolicy kiwe 1, hiyo inawarudishia maadmini wote nguvu zote kwa njia ya netiweki. Nyingine wanakwambia ile ruhusa ya kuzima kwa mbali mpe Everyone, yaani kila mtu. Mimi nilikataa zote mbili na nina sababu.

Mwaka 2003 nilikuwa binti wa miaka 20 nakaa kaunta kwenye intaneti kafe Kariakoo, mashine 12 za Windows XP. Mwezi wa nane mwaka ule mashine zikaanza kuleta kisanduku katikati ya skrini kwamba hii sistimu inazima, na sekunde zinahesabu kurudi nyuma kutoka 60. Mteja yupo katikati ya kuandika barua pepe kwa ndugu yake Ulaya, amelipia nusu saa, sekunde zinakwenda 40, 39, 38, anakuita "dada dada njoo", unafika zimebaki 10. Kilikuwa ni kirusi cha Blaster, kilianza kusambaa tarehe 11 Agosti 2003, kinapita kwenye tundu la huduma ya Windows inayoitwa RPC, mlango wa netiweki namba 135. Microsoft walishatoa kiraka mwezi mmoja kabla, tarehe 16 Julai, ila nani alikuwa anasasisha Windows kwa intaneti ya wakati ule. Kirusi chenyewe kilikuwa kinaiangusha ile huduma, na Windows ikiona imeanguka inajiwasha upya yenyewe. Kijana mmoja aliyekuwa fundi wetu ndo alitufundisha kuandika shutdown -a haraka kabla sekunde hazijaisha, inasimamisha. Tulikuwa tumeibandika kwenye karatasi juu ya kila mashine. Mimi hiyo komandi ya shutdown ndo nilivyoijua, nilijifunza kuizuia kabla ya kujifunza kuitumia.

Kwahiyo nikiona Windows za leo zinavyonisumbua na Public na Private na kosa namba 5 sikasiriki, kufuli zile nyingi zina historia. Na mimi waifai yangu wateja wanaingia. Hata kama wapo upande wa wageni, leo wapo wageni kesho mtu anakosea kama ilivyotokea. Siwezi kuacha ruhusa ya kila mtu.

Nilichofanya ni hiki. Kwenye mashine ya dukani tukatengeneza akaunti mpya ya kawaida isiyo na uadmini, nikaiita mzimaji, ikapewa paswedi ndefu. Alafu binti akafungua secpol.msc, sehemu ya Windows ya kupanga nani anaruhusiwa nini, akaenda Local Policies, User Rights Assignment, akatafuta mstari ulioandikwa Force shutdown from a remote system, pale kikawaida wapo Administrators peke yao, akamwongeza mzimaji. Hiyo secpol ipo kwenye Windows ya Pro, ya Home haina, bahati nzuri ya dukani ni Pro na laptop yangu ndo Home, na inayohitaji ni ile inayozimwa. Kwahiyo hata mtu akiiba paswedi ya mzimaji anachoweza kufanya bila uadmini ni kidogo, kubwa lake ni kuzima. Alafu kwenye laptop nikawa naanza na runas /netonly /user:DUKA\mzimaji cmd, inaniuliza paswedi, inafungua dirisha jipya jeusi ambalo kila amri inayotoka humo kwenda kwenye netiweki inakwenda kwa jina la mzimaji. Nikaandika komandi humo.

Nikasikia binti anapiga kelele kutoka dukani, "Dada! Imeandika inazima!" Nilicheka mpaka mguu ukauma. Tukaisimamisha kwa shutdown /a /m \\DUKA maana kulikuwa na mteja.

Hiyo ilikuwa Alhamisi mchana. Kijana alikuwa chuo, na hapo katikati ya furaha yote mimi na binti hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Usiku wa siku hiyohiyo saa 5 nikachungulia dirishani, dukani giza, taa imezimwa. Nikajua hamna mtu. Nikafungua laptop, na sekunde 60 nikaziona za nini wakati hamna mtu, nikaandika /t 0 na mbele yake nikaweka /f, yaani sasahivi, na programu yoyote iliyofunguka ifungwe kwa nguvu bila kuuliza. Nikabonyeza, nikaacha ping inaendelea, ilivyoacha kujibu nikafunga laptop nikalala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu niumie.

Kijana alikuwa dukani. Alikuwa amezima taa kwa sababu mimi kila siku naongelea LUKU, akaona skrini inatosha kumulika. Alikuwa anaingiza majibu ya dodoso za utafiti wake wa mwaka wa mwisho kwenye programu ya takwimu, dodoso 112 kwa jumla, na usiku ule tangu saa 2 alikuwa ameshaingiza 47 na hajasevu. Ukimuuliza mtu mwingine atasema kosa lake, angesevu. Mimi sisemi hivo. Mtu akikaa kwenye mashine anakaa akiamini itabaki imewaka mpaka yeye amalize au umeme ukatike, hizo ndo hatari anazozijua, hakujua kama kuna ya tatu na hakuna aliyempa nafasi ya kujua.

Asubuhi akaja chumbani kunisalimia, "Shikamoo shangazi", nikaitikia, akasema kompyuta ya dukani imezima ghafla jana usiku. Mimi moyo ukaruka. Na hapa ndo kuna kitu ambacho mpaka leo kinanisumbua kuliko kuzima kwenyewe. Nilisema, "Labda umeme." Akasema umeme ulikuwepo, feni ilikuwa inazunguka. Nikanyamaza. Sijui niseme ni aibu au ni nini, mtu mzima umelala na mguu juu ya mto, kila mtu anakuhudumia, yeye mwenyewe ndo alikuwa ananiletea maji ya kuoga, na unaogopa kusema neno moja. Akasema atakuwa ni pawa saplai imechoka. Ijumaa ile nzima akafungua boksi la kompyuta, akatoa vumbi kwa brashi ya rangi, akachomoa RAM akaifuta akairudisha. Usiku akaingiza data kwa woga, anasevu kila dodoso moja. Jumamosi nikamsikia anaongea na binti kwamba ana elfu 20 ya nauli ya wiki, ataipeleka mashine kwa fundi Kariakoo waipime.

Jumapili mwenzake wa chuo akaja, anasoma mambo ya kompyuta, akamwambia kabla hujapeleka popote tuangalie kwanza rekodi. Windows inaandika kila kitu kwenye Event Viewer, kwenye rekodi za System, na kuna tukio namba 1074 ambalo linaandikwa kila mtu au programu ikiagiza mashine izime, saa ngapi, kwa akaunti gani, na amri ikitoka kwenye mashine nyingine anwani yake inakuwepo. Umeme ukikatika haiandikwi hiyo, inaandikwa nyingine, 41, mashine ikiwaka tena kwamba safari iliyopita haikuzimwa vizuri. Yao ilikuwa 1074, Alhamisi saa 5 na dakika kadhaa usiku, mzimaji.

Akaja mlangoni. Hakuingia. Akauliza, "Shangazi, mzimaji ni nani?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia yote, na kwamba siku ya Ijumaa nilipomjibu labda umeme nilikuwa najua. Hakukasirika kwa sauti. Alisema tu, "Ungegonga ukuta shangazi, ningesevu." Alafu akaenda uani akakaa muda mrefu kwenye ndoo aliyoigeuza, na mimi sikuweza hata kumfuata kwa sababu ya mguu.

Zile 47 alikuwa amebakiza 30 hivi kuzirudia. Nikamwambia alete zote chumbani, usiku ule na kesho yake mimi nikawa nasoma karatasi, umri 34, jinsia ke, swali la 1 jibu B, swali la 2 jibu D, yeye anaingiza kwenye laptop yangu. Tulimaliza usiku wa pili saa 6. Kwenye kusoma zile dodoso nikajua kwa mara ya kwanza utafiti wake ulikuwa unahusu nini, mama lishe wa masokoni na mikopo ya vikundi, miezi yote ile anakaa kwangu sikuwahi kuuliza.

Baada ya hapo ndo nikakaa nikasoma ile komandi vizuri, herufi moja moja, shutdown /? inakuorodheshea zote. Nikakuta vitu ambavyo ningevijua kabla. Usipoandika /t kabisa inachukua sekunde 30. Ukiandika muda wowote zaidi ya 0, ile /f ya kulazimisha inajiweka yenyewe hata kama hujaiandika, kwahiyo usidhani ukitoa onyo la dakika moja basi mwishoni programu zitamuuliza mtu asevu au asisevu, haziulizi, muda ukiisha zinafungwa na kisichosevuiwa kinakwenda. Kinyume chake ukiweka /t 0 bila /f, programu yenye kazi ambayo haijasevuiwa bado inaweza kuzuia mashine isizime. Yaani siku ile bila ile /f niliyoiweka kwa haraka zangu ipo nafasi kazi yake ingebaki. Kwahiyo onyo lenyewe ndo kila kitu, lazima liwe refu kiasi cha mtu kumaliza sentensi yake na kusevu, na lazima lifike kwa mtu, siyo kwa mashine.

Tulikubaliana hivi. Muda ni sekunde 600, dakika 10. Kuna kitu cha /c, unaandika ujumbe ndani ya alama za kunukuu na unatokea kwenye skrini ya kule, unaruhusiwa mpaka herufi 512, kwahiyo naandika kama ninavyoongea, "Baba, nazima baada ya dakika 10, kama bado unafanya kazi andika shutdown /a". Ile /a anaiandika yeye palepale alipo inasimamisha, haihitaji ruhusa yangu. Hili nililisisitiza mwenyewe, kwamba aliyekaa mbele ya mashine ndo mwenye neno la mwisho. Na kabla ya yote nagonga ukuta au napiga simu, maana kama ametoka kwenda chooni ujumbe unahesabu peke yake. Nilitaka hata badala ya kuzima niilaze kwa kuhifadhi kila kitu kilivyo, ile hibernate, /h, hapo hata mtu akisahau kusevu anakuta kila kitu kama alivyokiacha, lakini hiyo haikubali kutumwa kwenda mashine nyingine kwa njia hii, inafanya kazi kwa mashine uliyopo tu.

Watu wangu wa karibu nilivyowasimulia waliuliza kwanini nisiweke tu ratiba, mashine ijizime kila siku saa 6 usiku kwa Task Scheduler. Inawezekana na ni rahisi kuliko haya yote, hakuna netiweki wala paswedi. Kwa ofisi ningefanya hivo. Kwa nyumba ambayo mtoto wa watu anasoma usiku, saa haijui kama kesho ana mtihani.

Sebuleni kuna laptop ya zamani ya watoto, tumeweka Ubuntu maana Windows ilikuwa inaizidi nguvu, hiyo kuizima ni rahisi zaidi, unaingia kwa SSH, njia salama ya kuiamuru mashine kupitia netiweki, kutoka kompyuta nyingine au hata simu, unaandika sudo shutdown -h +10 na maneno yako, na shutdown -c inafuta. Ila yale maneno yanatokea kwa mtu aliyefungua dirisha la komandi, mtoto anayeangalia katuni anaweza asiyaone kabisa, kwahiyo hapo kuita kwa sauti ndo kwenyewe. SSH ilitengenezwa na Mfini mmoja, Tatu Ylönen, mwaka 1995 baada ya mtu kuiba mapaswedi yaliyokuwa yanapita wazi kwenye netiweki ya chuo chake, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Jina Tatu limewafurahisha watoto wangu sana.

Na kitu kimoja ambacho sitakuruhusu ukiruke kama unasoma hii ukitaka kufanya kwako. Hii yote iishie ndani ya nyumba. Usiende kwenye rauta kufungua mlango wa 135 au 445 kwa nje ili uweze kuzima ukiwa kazini, hiyo ni kuwakaribisha akina Blaster wa leo, na wa leo hawazimi mashine tu, wanafunga mafaili yako wanadai hela. Na iwe mashine yako au ya mtu aliyekubali, anayejua kabisa kwamba wewe unaweza.

Faida ya umeme ipo ila usitegemee miujiza. Printa kubwa ya kopi inabaki imechomekwa, UPS, lile betri la kushikilia umeme ukikatika, inabaki imewaka, hivyo haviondoki kwa komandi, mpaka mtu azime swichi ya ukutani. Binti sasa anazima za printa kabla hajaondoka.

Hogo lilitolewa mwezi wa sita mwanzoni na saivi natembea mpaka dukani mwenyewe, lakini ile ya usiku niliiacha ibaki kwa laptop. Wiki iliyopita saa 6 kasoro nimegonga ukuta mara 2, kimya, nikampigia, simu haipokelewi, nikatuma ujumbe wa dakika 10 nikaacha ping inaendelea. Dakika ya 3 hivi komandi ikawa imefutwa kule, na WhatsApp ikaingia, "Shangazi nusu saa tu, namalizia barua ya kuomba kazi". Nikamjibu aniletee niisome kabla hajatuma. Nikaacha dirisha jeusi limefunguka pembeni ya mto, mistari inajibu mmoja mmoja, mpaka saa 6 na dakika 20 ikaacha kujibu yenyewe, alizima kwa mkono wake, nikasikia komeo la mlango wa dukani.